Uji wa Kuni Nyuma ya Jiko la Gesi

Saa kumi na moja alfajiri, jiko la hospitali moja hapa Mahajanga, pwani ya Madagaska, limekwisha kuamka. Masufuria makubwa yanatokota juu ya moto wa buluu usio na hata chembe ya moshi, uji wa wagonjwa mia mbili na arobaini. Nyuma ya ukuta wa jiko hilohilo, mtu anayeulisha moto huo amechuchumaa mbele ya mafiga matatu. Anapuliza kuni mbichi za mkoko, machozi yanamtiririka. Kisufuria chake kinatosha bakuli moja tu.

"Mganga hajigangi!" anamtania mpishi mkuu, Bi Moinaecha, kutoka dirishani. "Gesi yote hii ni yako, na wewe unakohoa moshi!"

Boinali anasukuma kuni ndani. Anakoroga uji wake.

Ana umri wa miaka arobaini na moja, mzaliwa wa kisiwa cha Nosy Be, mtoto wa Wangazija waliohamia huko zamani. Maneno yake, Kingazija kilichochanganyika na Kisakalava cha pwani hii, tumeyaweka hapa kwa Kiswahili.

Gesi ya jiko hili haiji kwa meli. Kila siku Boinali hukusanya maganda ya mihogo, wali uliochacha, matumbo ya samaki na makombo ya sahani za wagonjwa, madebe sita au saba. Huyachanganya na maji na kuyamimina katika shimo la matofali lililofunikwa kwa pipa kubwa la chuma, kifudifudi. Makombo yakivunda humo hutoa gesi, pipa likainuka, na bomba likaipeleka jikoni. Basi, ni hivyo tu.

Shimo lilijengwa miaka minne iliyopita, uhuru ukiwa bado mchanga, na mhandisi mmoja kutoka mji mkuu, Tananarive.

"Aliniambia, Boinali, hili lina tumbo kama la mtu," anakumbuka. "Lilishe kila siku, usilivimbishe, na malimau usilipe."

Mara moja alijaribu kupumzika. Alimwachia tarishi kazi kwa siku mbili, naye tarishi, bila ubaya wowote, akamwaga humo gunia zima la malimau yaliyooza. Lo! Shimo likachacha, moto ukafa, wapishi wakarudi kwenye kuni na vikohozi vyao. Tangu siku hiyo Boinali hakumwamini mtu.

Na shimo halifungi Ramadhani wala halijui Idi. Dada yake, Hayrat, aliolewa Nosy Be; Boinali akapeleka vitambaa. Baba yake akafariki, akazikwa. Boinali akapeleka pesa za hitima. Kwa mshahara wa faranga elfu saba kwa mwezi, hakuacha hata mara moja kumtumia mama yake chochote.

"Kila mara nilisema, mwezi ujao nitakwenda. Pesa zilikuwa zinakwenda. Mimi siendi," anasema, na anageuza uso.

Mwezi uliopita mama mwenyewe ndiye aliyekuja. Bi Sittou aliletwa na Hayrat kwa mashua, miguu imevimba, pumzi hazimtoshi. Akalazwa hapahapa. Siku za mwanzo alikula wali wa hospitali akausifu, na Boinali akavimba kichwa.

"Nikamwambia, mama, wali huu umepikwa kwa moto wa mwanao! Nikamweleza yote, moto unatoka wapi. Sikuacha kitu, hata mabaki ya nguruwe ya wale wanaokula nguruwe."

Bi Sittou aliweka kijiko chini, akasema alhamdulillahi, ameshiba. Hakukigusa tena chakula cha jiko lile. Ulimi ulimponza Boinali. Daktari alikuwa mkali: bibi huyu asipokula, dawa hazitamsaidia. Ndipo Boinali akawasha mafiga, asubuhi na jioni.

Jana alikwenda mtaa wa Antanimasaja kumuuliza mwalimu wa chuo cha Kurani, Fundi Djaffar. Fundi akamjibu kwamba, kwa elimu yake, kilichooza kikawa moto si kile kilichokuwa. Bibi ale bila wasiwasi.

Leo uji umeiva. Tunamfuata Boinali hadi wodini. Anaketi ukingoni mwa kitanda, anampa mama yake jibu la Fundi neno kwa neno, kwa furaha ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Najua," anasema Bi Sittou.

"Unajua, mama?"

"Baba yangu alisomesha chuo, Boinali. Hayo niliyasikia kabla Djaffar hajaota ndevu."

"Basi mbona umenitesa na moshi siku zote hizi?"

Bi Sittou anavuta pumzi, kwa shida. "Nilipokuwa nakula wali wao, ulikuwa ukipita hapo mlangoni na ndoo zako. Unasema 'Mama hujambo', umekwenda. Sasa unakuja, unakaa mpaka bakuli liishe. Shimo umelilisha miaka minne, mwanangu. Nilishe na mimi."

Boinali anasogea karibu. Anachota uji, anaupoza kwa pumzi yake, anamlisha.

Nje, anatueleza mpango wake. Ameomba likizo. Bi Moinaecha ataanza kujifunza kulisha shimo leo jioni, na uvimbe wa miguu ukipungua, Boinali atamrudisha mama yake Nosy Be na kukaa naye. Daktari amemwambia wazi kwamba ugonjwa si wa miguu, ni wa moyo, na asitarajie siku nyingi.

Je, shimo likimfia Bi Moinaecha?

"Litaanzishwa upya," anasema. "Samadi ya ng'ombe kutoka machinjioni, maji, na subira ya wiki chache. Yule mhandisi alinionyesha siku ya kwanza." Anajifuta macho kwa kiganja, na sasa hakuna moshi wa kusingizia. "Nilikuwa najua, bwana. Miaka yote minne nilikuwa najua."