Siku Niliyofunga Mpira wa Bustani kwenye Injini

Kama wewe ni mmoja wa wale walioanguka na toleka (baiskeli zetu za kubeba abiria) asubuhi ile ya ubatizo, kwenye barabara inayotoka Kabondo kwenda parokiani, basi mafuta yale yalikuwa yangu. Siku ile nilikataa mbele ya watu, nikasema labda ni lori lililopita, lakini hapa nakubali, maana aibu ikishakaa nawe nyumbani miezi mitatu inakuwa kama jamaa, unaizoea hadi unaipa kiti.

Gari yenyewe ni ile ya bluu, kuukuu, ambayo mlango wake mmoja wa nyuma unafungwa kwa kamba. Mume wangu aliiacha alipokwenda kutafuta dhahabu upande wa Bafwasende (miezi miwili tu, alisema, na sasa mtoto ana meno manne ambayo baba yake hajayaona). Mimi ndiye niliyeipa kazi. Kila asubuhi nilipakia sufuria za wali, maharage na pondu ya majani ya muhogo, nikaenda Bangboka kulisha watu wa uwanja wa ndege, binti yangu Gloire nimemfunga kwenye kiti cha mbele kwa kitenge. Bila gari hakuna Bangboka, na bila Bangboka mimi na Gloire tunatazamana.

Bon. Kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye namwita bokilo kama tunavyowaita wakwe hapa, mzee anayekaa Lubunga ng'ambo ya mto, alikuja majuma mawili kabla ya ubatizo. Hakuuliza mtoto anakula nini. Alizunguka gari mara mbili, mikono nyuma, akaona tone la mafuta chini, akasema:

"Gari ya ndugu yangu inalia, na hapa hakuna mwanaume wa kuiuliza iko na nini. Dimanche ya ubatizo utakuja nayo kanisani. Ikifika muzima, inabaki kwako. Ikifika na matone, inapanda bac, inavuka Lubunga kwangu."

Nikasema ndiyo, bokilo, Jumapili nitaileta, na ikidondosha feri iivushe. (Ndani ya tumbo nilisema mengine.)

Kesho yake nikampelekea fundi, Papa Jérôme, mwenye karakana ya mabati kando ya barabara ileile ya parokia. Alijiingiza chini ya gari, akakaa humo muda, akatoka akijifuta mikono na kunionyesha mipira miwili inayobeba mafuta ya injini kwenda kwenye radiata ndogo ya mbele ili yapoe, mafundi wanaiita durite. Imekauka, imepasuka, inatoa jasho jeusi.

"Zote mbili zimekwisha, mama," akasema. "Papa ya mutoto iko wapi? Anipigie simu kwanza."

Hapo ndipo masikio yangu yalipofungwa. Nina diploma yangu ya sekondari, naendesha gari ile kila siku ya Mungu, nimekuja nayo mwenyewe na ufunguo uko mkononi mwangu, halafu mimi niende kutafuta mwanaume porini ili apige simu kuhusu mpira. Nikaingia garini, nikapiga mlango. Yeye akainama dirishani, akaendelea kusema kitu, kwamba durite zenyewe zinatoka Kampala, siku kumi tu, na kwamba nisikubali mtu yeyote anifungie mpira wa maji kwa sababu mafuta ya moto si maji, yanaula. Maneno yalinifikia, siwezi kusema hayakunifikia. Ila yalikuja nyuma ya lile la kwanza, na lile la kwanza lilikuwa limekaa mlangoni halipishi mtu. Nikaondoka bila kumwachia hata namba ya simu.

Juma zima nilimpigia mume wangu. Nikamwandikia. Alama mbili zikageuka bluu, yaani ameona, kisha kimya.

Alhamisi kabla ya ubatizo nikiwa namwagilia bitekuteku zangu nyuma ya nyumba (ni mchicha, kwa wale wa mbali), nikautazama mpira wa kijani mkononi mwangu, mpya, mnene, na wazo likaja. Ndiyo uamuzi wenyewe huo, mdogo hivyo, sekunde tatu. Nikachukua kisu cha jikoni, nikakata vipande viwili. Nikanunua sokoni vikuku vinne vya chuma vya kubania, nikalala chini ya gari na kanga kuukuu, nikatoa mipira ya zamani, mafuta yakanimwagikia hadi kwenye kwapa, nikafunga yangu. Ikaingia sawasawa, kama imezaliwa pale. Nikajaza mafuta, nikawasha injini uani dakika kumi, nikalala tena chini kutazama. Hakuna tone hata moja.

Nilicheka peke yangu mle chini. Kisha nikatoka, nikatafuta mtu wa kumwambia, na hapakuwa na mtu. Nikampigia mume wangu, ikaita hadi ikachoka. Nikamwambia Gloire, naye akanitemea ndizi.

Jumapili tulitoka hivi: mimi kwenye usukani na kitenge kipya cha sare, ya Véro (ya ni kama kusema dada mkubwa) ambaye ni mama wa ubatizo kando yangu na Gloire mapajani kwenye gauni jeupe, na nyuma yetu bokilo, aliyevuka mto asubuhi kwa mtumbwi akapanda toleka, suti ya rangi ya maziwa, anafuata gari kama askari anayefuata mwizi ili ahesabu matone. Nyuma yake toleka nyingine nne za familia. Kilomita ya kwanza, hakuna kitu. Nilikuwa namtazama kwenye kioo na nafsi yangu inaimba.

Tukafika karibu na karakana ya Papa Jérôme. Yeye alikuwa amesimama barabarani, na aliponiona akaanza kupunga mikono yote miwili.

"Ile fundi anakuita," akasema ya Véro.

"Ananicheka," nikasema. "Anafikiri nimeshindwa." Nikageuza uso, nikakanyaga mafuta.

Mpira, kumbe, ulikuwa umevumilia injini iliyosimama uani. Hii sasa ilikuwa injini ya moto yenye hasira ya mwanamke juu yake. Kwanza harufu, kama mtu anakaanga kiatu. Kisha kwenye kioo nikaona toleka ya bokilo inakwenda upande, polepole, kwa heshima kabisa, bokilo ameshika kofia, kisha hayupo. Ya pili ikaja ikamkuta chini. Ya tatu ikawakuta wote.

"Mama Gloire," akasema ya Véro, "kuna kitu nyekundu inawaka hapa mbele yako."

"Iache iwake."

Niliiona. Ni taa ya mafuta, hata asiye na diploma anajua kwamba ikiwaka unasimama na kuzima injini papo hapo. Lakini mnara wa kanisa ulikuwa unaonekana, nami nilitaka ifike. Ikifika inabaki, ndivyo alivyosema. (Kuna taa nyingine nyekundu nilizozipita katika ndoa yangu, lakini hizo si za hapa.) Injini ikaanza kugonga, ko, ko, ko, kama mgeni mlangoni, na mbele ya lango la parokia, penye watu wote na mavazi meupe yote, ikakoroma mara moja na kunyamaza. Moshi ukatoka kila mahali. Mtu akaleta ndoo ya mchanga akaimwaga juu ya boneti. Watoto wakapiga makofi.

Nilifungua boneti ili nione, na mafuta yaliyobaki yakanirukia kifuani. Kengele ikalia. Ya Véro akanitazama kutoka juu hadi chini, akamvuta Gloire kwake.

"Padri hangojei mutu. Baki unawe kidogo, nitatuma mutu akuite."

Wakaingia. Bokilo naye akapita, upande mmoja wa maziwa, upande mwingine mweusi, akaniambia tu: "Hatukuuliza njia. Tulifuata mafuta."

Hakuna aliyekuja kuniita. Pale bombani maji hayakuwepo, na kule barabarani toleka ziliendelea kuanguka, basi nikachukua ndoo ileile, nikajaza mchanga, nikaanza kufunika mafuta yangu, kidogo kidogo, nikirudi nyuma nilikotoka. Mwendesha toleka mmoja akaniuliza kama garage iko wazi dimanche. Nikaendelea kumwaga mchanga. Kupitia dirisha la kanisa nilisikia majina ya watoto, moja moja, kisha la Gloire. Padri akauliza wazazi wanaomba nini kwa Kanisa kwa ajili ya mtoto huyu. Sauti ya ya Véro ikajibu peke yake. Mimi nilijibu pia, huku nje, mikono imejaa mchanga. Nilisema ubatizo. Mbuzi alinitazama.

Baada ya misa bokilo alifungua boneti mwenyewe, akavuta kipande cha kijani kilicholainika kama makaroni.

"Hii ni nini?"

"Durite."

"Hii inanywesha bitekuteku," akasema, na watu walicheka hadi wengine wakakaa chini.

Akamwita Papa Jérôme aje aitengeneze ili ivuke Lubunga siku ileile. Papa Jérôme akajaribu kuizungusha injini kwa ufunguo mkubwa, ikakataa, akatikisa kichwa. "Imekamata. Hii imekufa." Bokilo akaitazama kidogo, akapangusa mkono wake kwenye upande mchafu wa suti. "Alors, ibaki," akasema. Kwa hiyo nilishinda. Iko uani kwangu, ni yangu kabisa, hakuna mtu mwingine anayeitaka, na Gloire anaendesha usukani wake akiwa amesimama kwenye kiti.

Jioni ile mume wangu aliandika, mara ya kwanza baada ya majuma matatu: "Umefanya nini gari yangu?" Habari za mtoto hakuuliza. Nikaisoma tu, nikaacha alama mbili zigeuke bluu upande wake naye azitazame.

Lakini kinachoniamsha si hicho. Jumatatu Papa Jérôme alikuja kwangu na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Durite mbili, nyeusi, mpya, za gari ile kabisa.

"Zilifika Jumamosi," akasema. "Nilituma kuziagiza siku ileile uliyokuja. Hukuacha namba. Jana nilikupungia mikono."

"Ulisema mume wangu apige simu kwanza."

"Nilisema hivyo," akasema. "Kisha nikaziagiza."

Nimezitundika kwenye msumari jikoni, juu ya sufuria ninazopeleka Bangboka siku hizi kwa pikipiki ya kukodi, nusu ya zile za zamani. Nazitazama ninapomenya vitunguu. Nimejiapiza hivi, na nyie ni mashahidi: mtu akinitusi tena, nitamngoja amalize na sentensi ya pili, ndipo nikasirike.