Mrija Nilioushika Bila Kuvuta

Nilisikia kwanza ule mlio, kabla sijaona mtu wala chungu: fyooo, fyooo, mvuto mrefu wa mirija, mlio ninaoujua hata nikiwa usingizini, na aibu yangu yote ya siku ile (naieleza leo kwa sababu mmeniahidi hamtacheka, ingawa najua mtacheka) ilizaliwa pale nilipoyaamini masikio yangu kuliko maelekezo ya mke wangu.

Amoit alikuwa kwao Chakol, wiki ya tano sasa. Hakunigombeza, alinitumia ujumbe tu: kuna kikundi cha watu wanaoacha pombe, hukutana Malaba kila Jumamosi saa nane, nyumba ya bati la kijani nyuma ya maegesho ya malori, na yeye atapita pale saa tisa na begi lake, akinikuta nimeketi nao tutarudi Busia pamoja, asiponikuta nisimtafute tena. Basi nikaoga mara mbili, nikapanda pikipiki, nikamwambia dereva naenda kukagua kontena la mteja (mimi ni karani wa wakala wa forodha, uongo wa kontena hunijia wenyewe), na nilipochungulia dirisha la nyumba ya bati la kijani nikaona watu kumi hivi wamezunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu mdomoni, vile vile tunywavyo pombe ya wimbi, macho wameyafumba kwa utamu.

Nikarudi nyuma kama aliyeguswa na kaa la moto. Mahali pale ndipo nilipokuwa napakimbia, sasa Amoit alikuwa ananielekeza wapi?

Kando ya njia palikuwa na mama akikaanga mandazi, na hapo nikafanya uamuzi mdogo ulionimaliza: badala ya kumwuliza wanaoacha pombe wako wapi, niliona haya, nikasema, "Mama, kuna mkutano wa watu wazima hapa?"

"Wale wa daftari?" akasema bila kuinua macho. "Mlango ule wa buluu. Harakisha boss, mwenyekiti wao hapendi mtu wa kuchelewa."

Nikaingia, na kwa kweli palikuwa na heshima. Wazee saba na akina mama watatu kwenye viti vilivyopangwa duara, mwenyekiti mwenye koti, katibu mwenye daftari, sala ya kufungua, kisha kanuni: hakuna matusi, hakuna simu, hakuna kutoka bila ruhusa. Nikajiambia, watu walioshinda pombe ndivyo wanavyofanana.

Mwenyekiti akanitazama. "Wewe mgeni, simama utueleze umefikaje kwa hii maisha."

Nikasimama, nikatoa yote. Nilieleza siku niliyosinzia juu ya lori la mahindi nikaamkia upande wa Uganda, na sare ya shule ya binti yangu niliyoibadilisha kwa chupa mbili, na jinsi Amoit alivyokuwa akinivua viatu kama anayemvua marehemu. Maneno yalinitoka kama mto Nzoia ukivunja kingo zake kule Budalang'i. Mama mmoja akafuta machozi kwa leso. Mzee aliyeketi kando yangu akanishika bega. "Pole kijana," akasema. "Hata mimi hiyo ya lori ilinipata." Wote wakatikisa vichwa, katibu akaandika jina langu.

Halafu chungu kikaingia.

Kiliwekwa katikati, maji moto yakamiminwa juu ya wimbi, povu likapanda, na mimi (msiniulize akili ilikuwa wapi) nikaelewa kwamba huu ni mtihani, kwamba hapa hufundishana hivyo, adui anawekwa katikati nanyi mnamkodolea macho. Nikapewa mrija, nikaushika wima kama mshumaa. Wenzangu wakaanza kuvuta. Nikawahurumia. Nikawaza, jamani, wameshindwa wote, hata mwenyekiti ameshindwa, nimefaulu peke yangu, na jasho lilinitiririka mgongoni huku nikishindwa kuelewa kwa nini hakuna anayenipongeza.

"Kijana," akasema mwenyekiti, "kushika bila kuvuta ni kosa hapa. Faini yako ni maji, jerikani moja."

"Mzee, mimi nimekuja kuacha."

Mirija ikanyamaza. Katibu akafungua daftari, akalitazama jina langu upya. "Kuacha nini?"

Mlango ukafunguliwa. Amoit alikuwa amesimama na begi lake, na nyuma yake yule mama wa mandazi akininyooshea upawa. Amoit akatazama chungu, akatazama mkono wangu.

"Sijavuta," nikasema.

"Ni ukweli, mama," mwenyekiti akanitetea kwa moyo wote. "Huyu hajavuta hata kidogo. Mpaka tumempiga faini."

Amoit aliutoa mrija mkononi mwangu. Alinishika mkono wa shati kama anayemvusha kipofu barabara, akanipeleka mpaka nyumba ya bati la kijani, kwa watu walewale na chungu kilekile.

"Ni uji," akaniambia mlangoni. "Uji ya wimbi. Waliacha pombe, hawakuacha kukaa pamoja. Nimekungoja humu nusu saa."

Nikapewa kiti na mrija. Mama aliyeongoza kikao akasema nijieleze nikitaka. Nikafungua mdomo, nikakuta hamna kitu. Yote niliyokuwa nayo nilikuwa nimeyamwaga kwa jirani, kwa watu waliodhani nawasimulia sifa zangu.

"Naitwa Wandera," nikasema, nikangoja lingine lije. Halikuja. "Naitwa Wandera."

"Karibu, Wandera," akasema yule mama. "Kwa leo inatosha."

(Tangu siku ile nimeapa, nikipotea nauliza kwa sauti, tena mbele ya wateja: wanaoacha pombe wako wapi? Haya ya kuuliza huisha kabla mtu hajamaliza kukuonyesha njia.)

Amoit akasimama, akachukua begi lake. Nami nikasimama, nikidhani tunakwenda Busia.

"Kaa," akasema. "Nilisema nikukute umeketi nao. Leo nimekuketisha mimi. Jumamosi ijayo ujiketishe."

Nikakaa. Akatoka kurudi Chakol, na mlango hakuubamiza. Aliurudisha polepole, kama anayefunga chumba chenye mtoto aliyelala.