Moto wa Pili Jikoni mwa Mama

Harufu ya udongo uliomwagiwa maji hunirudisha kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma hata nikiwa katikati ya shughuli zangu. Sisemi harufu ya mvua, maana kule mvua ilikuwa mgeni asiyetoa taarifa. Nasema udongo uliokanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi kavu na mavi ya punda, tayari kufyatuliwa matofali. Ndani ya harufu hiyo nausikia moshi, na uchachu wa unga wa mtama ambao Mama aliulaza kwenye ndoo ili apike kisra, ile mikate myembamba ambayo bila hiyo sisi watu wa Sudan tunaweza kula vitu vingine vyote na bado tukasema hatujala. Nilikuwa na umri wa kwenda kuteka maji bila kutumwa pale Mama alipoamua kwamba jiko lake lazima liongezwe. Miaka ya tisini ilikuwa imefika katikati, vita vya kwetu havikuonyesha dalili ya kuchoka, na kambi ilikuwa imeanza kufanana na mji, ingawa watu wazima hawakupenda kuiita hivyo.

Kile tulichokiita jiko kilikuwa aibu tupu. Miti minne, karatasi ya plastiki juu, na ukuta wa matawi ya mikoma tuliyonunua kwa akina mama wa Kiturkana. Upepo wa kule hauna adabu. Ulipovuma, ulituletea mchanga kwenye sufuria, na ulipotulia, moshi ulikaa ndani kama mwenye nyumba. Mama alipika ameinama, kichwa karibu kiguse paa, na alipotoka nje macho yake yalikuwa mekundu yakichuruzika. Majirani walizoea kumtania kwamba huyu Mama Majok kila siku analia msiba wa watu wengine. Alicheka nao, akajipangusa kwa leso yake, akarudi ndani.

Lakini moshi haukuwa sababu pekee. Majok, ambaye kambi nzima ilimwita Mama kwa jina lake, alikuwa kaka yangu, mzaliwa wa kwanza. Tulipokimbia yeye alibaki na bunduki, akiwa kijana ambaye ndevu zake zilikuwa zikihesabika. Mama hakuwa na shaka kwamba angekuja. Angekuja, angeoa, na mkewe angehitaji mahali pa kupikia, kwa sababu kwetu mke hahesabiwi kuwa amefika nyumbani mpaka apewe moto wake mwenyewe. Hata wakwe wampende namna gani, kama anapika kwenye moto wa mama mkwe yeye bado ni mgeni. Kwa hiyo jiko la Mama lilipaswa kuwa na moto wa kwanza, wake, na moto wa pili, wa mke wa Majok. Alisema hivyo waziwazi, kama mtu anayesema kesho tutapika maharagwe.

Baba hakutaka kusikia. Alikuwa mtu mpole aliyefundisha watoto mafundisho ya kanisa chini ya turubai, lakini ukimtajia habari ya kujenga, upole wote ulimtoka. "Hatukuja hapa kuzeeka," alisema. Alitukataza hata kupanda mche wa mwarobaini mlangoni. Mizigo yetu mingine ilikuwa bado imefungwa kamba tangu siku tuliyofika, naye aliiangalia kila mara kuona kwamba fundo halijalegea. Kwake, kila tofali lililowekwa juu ya jingine lilikuwa kukubali kwamba hatutarudi. Nilimwona mkaidi. Siku hizi namwona mtu aliyeogopa sana, na namhurumia.

Mama hakubishana naye. Alianza tu kutembelea majiko ya watu. Alijifanya kwenda kuomba chumvi kwa Wasomali, kumbe anakwenda kuangalia jinsi walivyoinua meko juu ya matofali ili mpishi asimame wima. Alikwenda kwa Wahabeshi, akarudi anasifu tundu walilotoboa kwenye paa ili moshi upate njia yake. Kila alichokipenda alikichora kwa kijiti mchangani nyuma ya nyumba yetu, na kila jioni upepo ulikifuta, naye asubuhi akachora tena, safari hii bora zaidi. Mama Ekiru, mwanamke wa Kiturkana aliyetuletea kuni tukampa unga, alisimama siku moja akiwa na mzigo wake kichwani akamtazama kwa mshangao, akamsalimu kwa lugha yake.

"Ejok, Mama Majok. Hii nini wewe nachora kila siku?"

"Jiko. Nangoja baba ya watoto akubali."

"Nangoja mzee ya nini?" Mama Ekiru alicheka mpaka kuni zikatikisika. "Kwetu nyumba ni ya mama. Mama najenga, mzee naingia tu kulala."

"La, dada. Kwetu lazima yeye aseme kwanza."

Mama Ekiru alishusha mzigo, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaomba maji ya kunywa.

Wazo lililomkaa Mama moyoni kuliko yote lilitoka mji wa Lodwar. Macho yake yalizidi kuvimba, akapewa kibali cha kwenda hospitali huko, nami nikapelekwa naye nimshike mkono. Tulilala kwa mwanamke mmoja wa kanisani, Mama Nekesa, ambaye mumewe alikuwa mtumishi wa serikali kutoka Bungoma. Lodwar ilikuwa na joto lilelile na vumbi lilelile, lakini nyumba ile ilikuwa na jiko la saruji, na bomba la moshi, na rafu, na dirisha lililotazama njia ya lango. Mama alisimama dirishani muda mrefu. Nilijua anachokitazama. Ukiwa pale unapika, mtu akija kutoka mbali unamwona kabla hajabisha hodi. Mama alichana upindo wa leso yake ukawa kamba, akaanza kupima: kutoka mlangoni mpaka kwenye moto akafunga fundo, kutoka kwenye moto mpaka dirishani akafunga jingine.

Mama Nekesa alipoona hivyo alifurahi, kumbe naye alikuwa na ugonjwa huohuo wa majiko. "Usione hivi, dada yangu, hii ni kajiko tu," alisema. "Mimi nataka kuiongeza mpaka kule kwa ua." Akaleta gazeti la akina mama kutoka Nairobi na kufunua picha ya jiko la kitajiri, makabati meupe kutoka ukuta hadi ukuta, bakuli la maembe juu ya meza inayong'aa. Mama aliigeuza picha huku na huku.

"Moto iko wapi?" aliuliza.

Mama Nekesa alichekea mikononi. Nami nilicheka. Mama hakucheka, kwa sababu aliuliza swali la kweli.

Tuliporudi Kakuma, kamba ile ilikaa kifundoni mwa leso yake. Siku hizohizo kijana mmoja mwenye kuchechemea aliingia kambini kutoka upande wa vita. Alikunywa maji kwetu, akakaa na Baba muda mrefu nje ya kanisa, na alipokuja kuaga alimshukuru Mama huku akitazama chini. Nilidhani ana haya. Wiki iliyofuata Baba alichukua jembe bila kuambiwa na mtu, akachimba udongo, akaukanyaga mwenyewe, akaanza kufyatua matofali ya jiko. Wanaume wa kwetu hawajihusishi na mambo ya jikoni. Wenzake walipita wakimtupia maneno, naye akaendelea kufyatua. Mama hakuamini macho yake. Aliimba nyimbo za kwao ambazo sikuwahi kuzisikia, akatoa kamba yake, wakapima pamoja na kuchora mistari kwa majivu. Baba ndiye aliyesema, "Hapa pa mke wa Majok pawe pakubwa zaidi." Mama alimtazama kwa upendo mtupu. Katika utoto wangu wote sikumbuki nyumba yetu ikiwa na raha kama siku zile, na ndiyo maana zinaniuma kuliko siku za njaa.

Asubuhi moja walikuja wazee wawili wa ukoo mwingine, wamevaa vizuri. Baba aliwapokea kwa wasiwasi, akawa anawaelekeza upande wa kivuli, mbali na matofali, lakini mmoja wao alitaka kuona. Alitembea juu ya mistari ya majivu akiigusa kwa fimbo yake. Mama alikuwa akija na sinia la chai. Mzee yule, kwa lugha yetu na kwa sauti ya mtu mwema, akasema, "Basi hapa ndipo binti yangu atakapowasha moto wa marehemu."

Lazima nieleze desturi yetu, maana wasio wa kwetu huishangaa. Kijana akifa hajaoa, hatuachi jina lake lizimike. Ndugu zake humwolea mke kwa jina lake, na watoto ambao mke huyo atazaa na mmoja wa ndugu huitwa watoto wa marehemu. Ni jambo la heshima, na Baba alilifanya kwa mapenzi, kinyume hata cha kanisa alilolitumikia. Aliahidi ng'ombe ambao hakuwa nao, watakaotolewa amani ikija. Yule kijana mwenye kuchechemea alikuwa amemwambia kwamba Majok aliuawa. Baba aliubeba mzigo huo peke yake, akaona kwamba la kwanza ni kumtengenezea mwanawe mahali pa moto, na habari yenyewe ataisema baadaye, akipata nguvu.

Mama aliweka sinia chini, hata tone moja halikumwagika. "Alimwona amekufa?" alimuuliza Baba. Baba akasema kijana yule aliona shati lake. "Shati si mtu," Mama akasema. "Majok ataoa mwenyewe." Kisha akaingia kwenye mistari ya majivu, akaifuta kwa mguu, kwanza upande wa moto wa pili, halafu yote. Wazee waliondoka bila kunywa chai. Baba alibaki ameshika kofia yake, mikono imejaa udongo mkavu.

Jiko halikujengwa. Baba alimsihi walijenge hata kwa moto mmoja, ayanusuru macho yake, lakini Mama alikataa, kwa sababu moto mmoja ulikuwa na maana kwamba Majok haji. Mioto miwili nayo aliikataa, kwa sababu Baba alikuwa ameshaipa maana nyingine. Akaendelea kuinama ndani ya moshi uleule. Mvua ilipokuja hatimaye, matofali ya Baba yaliyeyuka pale yalipopangwa, yakawa kichuguu ambacho sisi watoto tulikipandia. Majirani waliendelea kumwita Mama Majok, ila sasa walilitamka jina hilo polepole, na hakuna aliyemtania tena kuhusu machozi. Baba alizeeka palepale aliposema hatukuja kuzeeka, na tulimzika hukohuko Kakuma.

Amani ilikuja, ikaondoka, ikarudi. Wengi walikwenda nyumbani. Mama hakwenda, maana Majok angemtafuta Kakuma. Nilipoolewa Lodwar nilimwomba aje akae nami, akakataa miaka mingi, na alipokubali ni kwa sababu hakuona tena njia ya kwenda chooni. Moshi ulikuwa umemaliza kazi yake.

Mwaka jana nami niliamua kuongeza jiko. Siku hizi hakuna haja ya kuomba chumvi kwa jirani, majiko ya dunia nzima yamo kwenye simu. Fundi, kijana mchangamfu, alinionyesha picha za kaunta na makabati, yaleyale meupe ya gazeti la Mama Nekesa, na mimi nikawa namsimulia Mama aliyekaa kitini pembeni. Alisikiliza yote, halafu akauliza kwa lugha yetu, "Moto uko wapi?" Nikamwambia gesi itakuwa ndani, na nje, chini ya paa, kutakuwa na mahali pa kuni pa kupikia kisra, moto wa kwanza na wa pili, na dirisha la kutazama lango. Fundi alikuwa ameshaichora mioto yote miwili kwa chokaa. Nilitaka afurahi.

Alitoa ile kamba kwenye fundo la leso, akaipitisha vidoleni taratibu mpaka mwisho. "Mmoja unatosha," akasema.

Nilijifanya sikusikia. Miaka yote nilikuwa nikiomba ukubali, Mama, ulie ukapumzike, na siku uliposema, nilitamani unyamaze. Akarudia, safari hii kwa Kiswahili, ili fundi asikie mwenyewe: "Weka moto moja."

Fundi hakujua lolote. Alifurahi kwamba kazi imepungua, akaufuta moto wa pili kwa kiatu chake.