Mshipa wa Wabwire

Wabwire alikuwa dereva wa lori kutoka Busia, upande wa Kenya, na kwa ubishi hakuwa na mwenzake. Siku hiyo alikunywa chai vikombe vitatu kwa mkewe Nangila, kule Nabuyonga, Mbale, Uganda, kisha akabana mkojo njia nzima kwa sababu eti kusimama ni kupoteza wakati. Karibu na Jinja lori likaparamia mti, mkanda ukamkaba, na kibofu kilichojaa pomoni kikachanika upande wa chini. Haya, wakati aliuokoa?

Hospitalini wakamtia mpira wa mkojo, ikatoka damu tupu. Daktari Yekosofati, ambaye Kiswahili alikiokota jeshini, akamweleza: "Bwana, kupasua hakuna. Mimi napita hapa kwa paja na kamrija kadogo, nafunga mshipa. Basi."

Wabwire akachanganyikiwa. Kinachouma ni tumbo, paja linaingiaje? Isitoshe, madereva wakitaja mshipa wa mwanamume wana maana moja tu, na ukifungwa, habari ya watoto imekwisha. Yeye na Nangila walikuwa wakimtafuta mtoto mwaka wa tisa sasa.

"Sifungwi, afande. Nipasue tu, unishone."

Daktari akarudia maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi, utadhani tatizo ni masikio. Damu ikaendelea kutoka, na fomu ya kukubali matibabu ikabaki bila sahihi.

Nangila akafika kutoka Mbale, viatu mkononi. Wabwire akamnong'oneza, "Wanataka kunifunga mshipa. Mtoto hatutapata tena. Usikubali."

Nangila akamgeukia daktari. "Asipofungwa?"

"Anakufa leo."

Nangila akatia sahihi akiwa amesimama.

Mrija ukapita pajani, damu ikakoma. Hakushonwa popote, alibaki na kitundu chenye plasta, na mpira wa mkojo kwa wiki kadhaa ili kibofu kijiponye chenyewe. Siku ya tatu muuguzi Patience akamfafanulia: kilichozibwa ni kimshipa cha damu kilichokuwa kinavuja kibofuni, na paja lilikuwa njia tu ya kukifikia. Mambo ya watoto yako palepale.

Wabwire alicheka hadi tumbo likamuuma, akamweleza Nangila. Nangila hakucheka. Aliketi kitandani akalia sana, na Wabwire akachanganyikiwa upya.

"Kumbe ulitia sahihi ukidhani hatutazaa?"

"Mtoto sijamwona bado," Nangila akasema. "Wewe nakujua."

Safari hii Wabwire hakubisha, akamfuta machozi.