Tundu Nililoliziba kwa Elimu

Miaka yote nimekana kwamba kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi, mimi nachangia mdomo tu. Juzi hapa Nyamirambo tulikuwa tunasafisha mtaro. Nikaona tundu ukutani likidondosha maji, nikawahubiria majirani kwamba neno la Kiingereza “stop” lilianzia kwenye kuziba matundu kwa nyuzi. Ili waamini, nikalishindilia tundu lile katani na matambara.

“Leo Profesa iko anafanya kazi kweli!” akacheka jirani yangu Mama Aline.

Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba. Kabla chai haijapoa, Mama Aline akapiga simu.

“Profesa, ile stop yako imeziba bomba ya maji machafu ya jikoni yangu! Maji yote imerudi ndani, masufuria inaogelea. Sasa kuja utufundishe neno la kuzibua.”