Tarumbeta la Mama Mkwe

Niliondoka nyumbani Soweto, Mbeya, kwa sababu ya simu moja. Kihwele, niliyesoma naye muziki chuoni, anaongoza okestra huko Iringa. Alitaka mtu wa kusimama jukwaani kuwaeleza wasikilizaji kila kazi ilitoka wapi kabla haijapigwa. "Watu wetu wakisikia fidla bila maelezo wanadhani bado tunajaribu vyombo," alisema. "Atupele, njoo uniokoe." Mimi nafundisha kwaya, na domo ninalo. Nikakubali.

Ijumaa alfajiri nikapanda basi. Makambako baridi ilinifanya nijutie viatu vya wazi. Mafinga nikanunua mahindi ya kuchemsha, nikasoma kwenye simu maelezo aliyonitumia. Kazi ya kwanza ilikuwa ya Kijerumani, ya zamani sana, iliyotungwa ipigwe wakubwa wakiwa mezani wanakula. Hiyo rahisi. Ya pili, ndefu, aliitunga mwenyewe: "Inasawiri ukuu wa milima na ustahimilivu wa binadamu." Niliirudia sentensi hiyo mpaka abiria wa pembeni akaniuliza kama nimepata msiba.

Iringa nilipokewa na mke wa Kihwele, Mama Neema. Tukiwa tunamenya viazi, nikamwuliza habari za hiyo milima.

"Milima gani?" Alicheka mpaka kisu kikamponyoka. "Dada, ule muziki ni siku aliyokuja kwetu Idodi kuniposa. Fidla zinazokimbia ni yeye, anafukuzwa na mbwa wetu aliyekata kamba. Tarumbeta kubwa la besi ni mama."

"Mama anajua?"

"Thubutu! Na kesho anakuja kusikiliza kwa mara ya kwanza. Siku zote husema mume wangu anapunga mikono kama anayefukuza ndege shambani."

Jioni, kwenye mazoezi, nikamkabili Kihwele. "Wewe sema milima," akanisihi. "Yule ni mkwe wangu. Hata kumtazama usoni naogopa."

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa. Bibi, mama yake Mama Neema, alikaa mstari wa mbele, kitenge kipya, mkoba magotini. Nikaitambulisha kazi ya kwanza: ilitungiwa watu wanaokula, kwa hiyo wenye karanga wasione haya. Karanga zikatoka kweli.

Ikafika zamu ya kazi ya pili. Nilianza na milima, naapa. Watu wakapiga miayo. Bibi mwenyewe akafumba macho. Hapo ulimi ukanitangulia. "Kusema kweli," nikasema, "huu ni muziki wa kijana aliyekwenda kuposa Idodi akapokewa na mbwa aliyekata kamba."

Ukumbi ukaamka. Nikaeleza fidla. Nikaeleza na tarumbeta, ila sikutaja jina; nilisema ni "mwenye nyumba." Kihwele alinipa mgongo, shingo imemkakamaa.

Wakapiga. Tarumbeta lilipoingia, wote wanaomjua bibi waligeuka kumtazama. Muziki ulipokwisha, akasimama kabla ya makofi.

"Mkwe!"

Kihwele akashuka jukwaani, macho chini, akamsalimu Kihehe. "Kamwene, mama."

"Lile linalonguruma ni mimi?"

Hakuna aliyetafuna karanga.

"Ni wewe, mama. Nisamehe."

"Mbona dogo hivyo? Siku ile sauti yangu ilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Rudieni, na huyo mpulizaji apulize kama mtu aliyeshiba!"

Wakarudia. Mpulizaji alivimba mashavu mpaka nikamhofia, na bibi akacheka huku akipangusa machozi kwa ncha ya kitenge. Nilimwona Kihwele akigeuka, akamtazama usoni.

Jumapili asubuhi, kituo cha mabasi, bibi alinifungashia mchele wa Idodi, akanivuta pembeni.

"Umeeleza vizuri, mwanangu. Ila yule mbwa hakukata kamba. Nilimfungua mimi."

"Kwa nini, mama?"

"Nilitaka kuona kama atarudi. Kesho yake akarudi, suruali imeshonwa magotini. Nikajua huyu ataoa."

Njia nzima hadi Mbeya nilikuwa nacheka peke yangu. Nimejifunza kwamba asili ya muziki usimwulize mtunzi peke yake. Mwulize mkewe, na ukijaliwa, mwulize mkwewe. Kihwele sijamwambia. Nasikia anatunga kazi mpya, kuhusu upole wa mama mkwe.