Masikio ya Ng'ombe Yako Chini ya Pembe

Asubuhi ile naikumbuka, mwanangu, kwa sababu ya watoto wa shule waliokuwa wakibweka. Walikuwa wanapita mbele ya bucha ya Mzee Rajabu, pale Makongeni, Thika, na kila aliyefika penye kibao alibweka kidogo, akacheka, akaenda zake. Mimi nilikuwa nimesimama ng'ambo ya barabara na mkebe wangu wa rangi. Kile kibao nilikuwa nimekichora mimi, na nilichokuwa nimechora ni ng'ombe.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na tatu, mchoraji wa vibao, na nikiringa. Nisikufiche, nilikuwa na haki ya kuringa kidogo. Kutoka Thika hadi Ruiru, ukiona kinyozi au hoteli yenye herufi zilizonyooka, pengine ni mkono wangu. Herufi niliziandika kila siku ya Mungu, Jumapili tu nikipumzika. Sikujua kwamba hiyo kila siku ndiyo iliyokuwa fundi, si mimi.

Mzee Rajabu alikuwa amefanya kazi kiwandani miaka mingi, mpaka walipopunguza wafanyakazi akaandikiwa barua ya kwenda nyumbani. Kile alichopewa akafungulia bucha. Hakuwa na shamba wala mtoto mkubwa wa kumtegemea, alikuwa na bucha ile tu. Aliponiuliza kama naweza kumchorea ng'ombe juu ya maneno NYAMA SAFI, nilicheka. Nikamwambia, "Ng'ombe ni nini, mzee? Nimewaona tangu nizaliwe." Sikwenda kumtazama hata mmoja. Nilipanda ngazi nikachora kwa kukisia. Miguu iliponisumbua nikaifunika kwa nyasi. Masikio nikayasimamisha juu ya kichwa, mkia nikaupinda kwa madaha, nikashuka nikijipongeza.

Waliotutangulia walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mimi nilikuwa naona vinaelea tu.

Kufikia jioni mtaa mzima ulishapaita Kwa Umbwa. "Umetoka wapi?" "Kwa Umbwa, lakini sikununua." Sasa fikiria, Muislamu anayechinja kwa bismillahi, na juu ya mlango wake kuna mbwa. Nyama ilibaki kwenye ndoano. Siku ya tatu ikabidi aitupe, na mbwa wa mtaa, hao wa kweli, wakaja kuila, wakazoea, wakawa wanalala pale pale chini ya kibao changu. Mzee Rajabu hakunitusi. Alitundika gunia juu ya ile picha akaniambia polepole, "Kijana, umenichorea mbwa. Idi ikifika na hali iko hivi, narudisha funguo kwa mwenye nyumba."

Idi ilikuwa imebaki miezi miwili na siku kidogo. Niliona aibu, mwanangu, aibu ya kukunyima hata hamu ya chai. Nikasema nitamchorea mwingine siku hiyo hiyo, bure. Akatikisa kichwa. "Mbwa wa pili wa nini?"

Aliyeniokoa alikuwa mama mzee wa Kamenu, Shosho Wanjiru, ambaye kila asubuhi alimletea Mzee Rajabu maziwa ya chai. Siku hiyo, Mzee Rajabu akiwa hajafika bado, aliweka mtungi chini, akainua gunia kwa fimbo yake, akatazama sana.

"Ni nani alichora hii?"

"Ni mimi, Shosho."

"Umewahi kuona ng'ombe?"

"Nimekua nao."

"Sijakuuliza kama umekua nao. Masikio ya ng'ombe iko wapi, juu ya pembe ama chini?"

Nilikuwa nimechunga ng'ombe wa babu yangu utoto wangu wote, na jibu sikuwa nalo. Shosho akaachilia gunia.

"Iko chini ya pembe, na inaangalia kando. Wewe umeweka juu kama ya umbwa. Kesho kuja kwangu saa kumi na mbili, nikikamua. Rangi wachana nayo. Kuja na macho."

Basi nilikwenda na penseli na kitabu cha hesabu cha mirabaraba. Shosho alikuwa na ng'ombe mmoja tu, mweusi mwenye madoa meupe, akiitwa Sofia, na sikio lake la kushoto lilikuwa limepasuka kwa seng'enge tangu akiwa ndama. Masharti ya Shosho yalikuwa mafupi. Ndoo ikianza kulia, naanza kuchora. Ndoo ikijaa, naweka penseli chini, iwe nimemaliza au sijamaliza. Na nisichore ng'ombe, nichore sikio.

Wiki nzima, sikio. Mimi, mtu niliyeandika kibao cha hoteli kwa siku moja, nilikaa kwenye kinyesi na majani ya nepia ya kulishia ng'ombe nikichora sikio moja lililopasuka. Siku ya nne nilirarua karatasi. Shosho hakugeuka hata kunitazama, akasema tu, "Ng'ombe bado ako hapa. Karatasi ndiyo imeenda." Nikaanza upya. Wiki ya pili akanipa mguu wa nyuma, ule niliouficha kwa nyasi, na huko ndiko nilikojifunza kwamba kile nilichokuwa nakiona ni goti linalopinda kinyume kumbe ni kisigino. Halafu shingo na ngozi yake inayoning'inia. Halafu pua. Kila asubuhi alikuwa akikagua ukurasa huku anafuta mikono kwa aproni. "Huyu hawezi kutembea." "Huyu ana njaa, na mimi nimemlisha." Siku akisema "Hmm," nilirudi Makongeni kama mtu aliyepewa cheo.

Mvua ilinyesha siku nne mfululizo nikalala nyumbani. Niliporudi mkono ulikuwa umesahau, mwanangu. Siku nne tu. Mchoro wa siku hiyo ulikuwa mbaya kuliko wa wiki ya pili, na tangu hapo sikukosa tena, mvua au jua. Ndipo nikaelewa ile haba na haba tunayoiimba shuleni. Kibaba kina tundu, ukikiacha kinavuja.

Huku nyuma Mzee Rajabu alikuwa akipungua. Aliacha kuchinja ng'ombe, akawa anatundika mguu mmoja wa mbuzi, na wateja wake walikuwa majirani wa kumhurumia. Mfungo ukaingia. Nilikuwa napita pale nikitazama upande mwingine.

Wiki moja kabla ya Idi nilimpelekea kile kitabu. Nilikiweka juu ya meza ya kukatia nyama, nikasimama mikono nyuma. Alifunua kurasa za kwanza, masikio, masikio, miguu. Akaendelea. Karibu na mwisho vidole vyake vikasimama.

"Huyu ni Sofia wa Shosho," akasema.

Sikuwa nimemwambia nilikuwa nachora wapi. Miezi miwili kabla, mtaa mzima haukuweza kujua kama nimechora ng'ombe au mbwa. Sasa mtu mmoja alijua ni ng'ombe gani, na wa nani. Machozi yalinilengalenga, na sioni haya kukwambia. Mzee Rajabu alitoka nje akaliondoa gunia mwenyewe.

Nilichora siku mbili, bila nyasi. Miguu yote minne ilionekana mpaka kwato. Watoto wa shule walipita, wakatazama juu, mmoja akalia "Muu," wakaenda zao. Wateja wakaanza kurudi, kwanza kwa udadisi, halafu kwa nyama. Mzee Rajabu akaagiza ng'ombe mzima wa Idi.

Kisha Shosho akaja na mtungi wake. Alisimama pale pale aliposimama siku ya kwanza. Mimi nilikuwa nangoja sifa, shingo imenirefuka.

"Huyo ni Sofia," akasema.

"Ndiyo, Shosho."

"Na hapo chini umeandika nini?"

"Nyama safi."

Nikaanza kuelewa, nikatamani ardhi inimeze.

"Panda ngazi," Shosho akasema. "Sofia hauzwi kwa kilo."

Nilipanda. Sikuuliza nifanye nini. Nilichovya brashi, nikaliziba lile sikio lililopasuka, nikalifanya sikio zima kama la ng'ombe yeyote, kwa mkono mmoja, bila kuchungulia kitabu. Chini yangu nilimsikia Mzee Rajabu akicheka, mara ya kwanza tangu kufungua bucha. Shosho akainua mtungi. "Sasa huyo ni wa watu wengine," akasema, akaenda zake. Ile bucha ilikaa miaka mingi, na Mzee Rajabu alizeeka nayo.

Sasa wewe. Wewe ni mjukuu lakini nakuita mwanangu, na Jumapili nilipokuja kwenu Membley ulinionyesha picha zako kwenye kile kioo unachochorea. Rangi unazijua kuliko nilivyozijua mimi. Lakini nilihesabu watu kumi na wawili, na wote wameficha mikono. Huyu mfukoni, huyu mgongoni, yule kashika maua mengi ajabu. Hata marehemu nyanya yako umemvika shali mpaka vidoleni, na ile mikono ndiyo iliyokulea. Nilinyamaza mbele ya wageni. Hizo ni nyasi zangu, mwanangu. Nazijua.

Nasaha yangu ni hii. Kesho asubuhi, kabla ya kufungua kile kioo, chukua penseli uchore kidole gumba cha mama yako akimenya viazi. Kidole tu. Viazi vikiisha, weka penseli chini. Keshokutwa tena. Ukishazoea karatasi, fanya vivyo hivyo kwenye kioo, na kile kitufe cha kufutia usikiguse mpaka umalize, kwa maana kinaondoa kosa kabla hujaliona sura. Usichore unachodhani unakijua, chora kilicho mbele yako. Siku ukichukia, chora ukiwa umechukia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama kwenyewe si kwa siku moja.

Halafu mwaka ukiisha, nichoree mikono ya nyanya yako. Sitauliza ni ya nani, nitaitambua.

Mungu akupe macho ya kukaa mahali pamoja, na mkono usiochoka mapema. Kazi yako iwalishe wengine pamoja nawe, na asikose kuwepo mzee wa kukuamrisha upande ngazi tena.